Sitriki inakuchoma, inakupausha au inakuongezea weusi? Tafuta chanzo hapa

Karibu kila anayelalamika kuhusu sitriki anaanza na swali lile lile, niweke vijiko vingapi, na hapo hapo ndo shida inapozaliwa, maana ngozi haijui vijiko, ngozi inajua pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo ndo asidi kali zaidi. Nazungumzia asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa punje punje unaouzwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni na losheni, unapewa umefungwa kwenye kifuko cha robo kilo bila maelezo yoyote, wengine wanauita unga wa ndimu, na ni ule ule unaotiwa kwenye juisi na jemu, lebo za vyakula zinauandika E330. Mtu akiona unaliwa anasema basi hauna neno, anaupaka. Kuliwa ni habari moja, kukaa usoni usiku kucha ni habari nyingine kabisa.

Namba chache kwanza, msichoke. Ngozi yenyewe ina asidi kidogo, pH yake inacheza kwenye 5 hivi. Sabuni ya kipande iko 9 mpaka 10. Ndimu iko 2 na kidogo. Sasa chukua gramu 1 ya sitriki, weka maji safi yasiyo na madini mpaka mzigo wote ufike gramu 100, hiyo ni asilimia 1 tu, na pH yake inakaa kama 2.2. Ukiona ni kali ukapunguza mara kumi, ikabaki asilimia 0.1, yaani hata ladha unaisikia kwa mbali, bado pH iko kama 2.8. Na kila pH ikishuka namba moja asidi inazidi mara kumi, kwa hiyo mwenye 2.2 na mwenye 4.2 wametofautiana mara mia, japo wote wawili watakwambia "niliweka kidogo tu".

Kuna jopo la wataalamu Marekani linalopitia usalama wa viungo vya vipodozi, mwaka 1998 walishauri asidi ndugu za hii, ile ya glaikoli na ya laktiki, kwenye bidhaa za mtu kujipaka mwenyewe nyumbani zisizidi asilimia 10 na pH isiwe chini ya 3.5. Kwa sisi tunaochanganya jikoni mimi nasema shika 4 kwenda juu, na asilimia usivuke 2 au 3 kama ni ya uso. Nunua karatasi za kupimia pH na mizani ndogo ya digitali inayosoma sehemu za gramu. Kama huna hivyo viwili basi kanunue losheni iliyotengenezwa tayari, sikutanii, utaokoa hela na uso.

Inachoma hapo hapo unapopaka

Tofautisha kwanza. Kuchonyota kidogo sekunde kadhaa alafu kunatulia, hiyo ni kawaida ya asidi. Kuchoma kunakopanda, kunafika dakika moja bado kunapanda, ngozi inapata joto, inakuwa nyekundu au kwa sisi weusi inakuwa kama imeiva na kung'aa, hapo usivumilie ukisema ndo dawa inafanya kazi. Osha na maji mengi ya kutiririka, ya kawaida sio ya barafu, kaa nayo dakika 20. Usikimbilie bekingi soda kuipaka juu eti iue asidi, hiyo inaongeza kero juu ya kero, maji yanatosha. Ikiingia jichoni osha muda huo huo alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho uone itakuwaje.

Chanzo cha kwanza ni pH ya chini kama nilivyosema. Ila kuna watu wanapima, pH iko sawa kabisa 4, na bado inawachoma, hapo uliza ngozi ilikuwa kwenye hali gani. Umenyoa asubuhi? Umesugua skrabu ya sukari jana? Umetoa nyusi kwa uzi? Ngozi iliyotoka kunyolewa ina michubuko usiyoiona, na kinyozi akishamaliza kukupitisha wembe kidevuni ukapaka tona ya sitriki, yale maji ya kupangusia uso, utalia. Subiri siku mbili. Na pembeni ya pua, kwenye pembe za mdomo na chini ya macho usipake kabisa, ngozi ya pale ni nyembamba na dawa inajikusanya kwenye mikunjo.

Alafu kuna hili ambalo watu wanaficha: mkorogo. Mtu amepaka mikrimu ya kung'arisha miaka, zile zenye steroidi au haidrokwinoni au zebaki, ambazo hapa Tanzania haziruhusiwi kwenye vipodozi lakini zinapenya, ngozi imeshakuwa nyembamba kiasi kwamba mishipa inaonekana mashavuni, akiingia jua uso unawaka, sasa anasikia kuna kitu cha asili kinaitwa sitriki anataka kuhamia huko. Kwa ngozi hiyo hata losheni ya mtoto inachoma. Dada, hapo tatizo sio sitriki na wala usianze nayo, acha asidi zote na uende kwa daktari wa ngozi, tena umwambie ukweli ulichokuwa unapaka, maana steroidi ya muda mrefu ukiikata ghafla bila usimamizi uso unaweza kulipuka vibaya kuliko ulivyokuwa.

Jana ilikuwa sawa, leo mchanganyiko ule ule unachoma

Hii kwa Dodoma ndo ninayoisikia zaidi na watu wanadhani wameuziwa sitriki feki. Hapana, angalia maji. Maji ya jiji letu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe kule bonde la Makutupora, ni maji ya chini ya ardhi, yamebeba madini, na ukitaka ushahidi fungua birika lako uangalie ule ukoko mweupe wa chini, ni kalisiamu na magnesiamu hiyo imebaki baada ya kuchemsha. Maji ya namna hiyo yana baikaboneti, kitu cha jamii ya bekingi soda, na baikaboneti inakula asidi. Kwa hiyo mtu anaweka sitriki yake kwenye maji ya bomba, anapima anakuta pH iko 5, anafurahi. Wiki ijayo bomba halitoki, au ni masika amekinga maji ya mvua, au kaamua kutumia maji ya chupa yenye madini kidogo awe msafi zaidi, anaweka kipimo kile kile, na safari hii hakuna cha kuila asidi, pH inaanguka mpaka 3 au chini ya hapo. Ndo maana hata fomula ya mtu wa Dar au ya Mwanza uliyoitoa kwenye video haitakuja na majibu yale yale hapa Nkuhungu, na ukihama mtaa ukawa unatumia kisima cha jirani mambo yanabadilika tena.

Dawa yake: tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya distilesheni, siku zote aina ile ile, na upime kila unapochanganya. Maji ya betri yenye asidi usiguse jamani, kuna yale ya kuongezea tu na kuna yale ya asidi ya salfa, dukani yanakaa rafu moja, na hayo ya kuongezea nayo hayakutengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu.

pH ikiwa chini sana unaipandisha. Kwa gramu 1 ya sitriki, bekingi soda karibu gramu 0.45 inaipeleka mpaka 4 hivi, iyeyushe pembeni kwenye maji kidogo, mimina taratibu, itatoa povu, na usipime wakati povu linaendelea maana ile gesi ikiwa bado ndani ya maji inadanganya karatasi, inasoma chini kuliko ilivyo. Koroga, acha ikae mpaka itulie kimya, ndo upime. Ukipitiliza ukafika 6 au 7 umeshaua asidi yote, hiyo sio sitriki tena, ni chumvi yake.

Weusi umeongezeka badala ya kupungua

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kinachowaumiza wengi. Mtu alikuwa na madoa ya chunusi, akaanza sitriki ili yafifie, mwezi wa pili madoa yamekuwa meusi zaidi na yamepata marafiki. Ngozi yetu nyeusi ukiichokoza inajibu kwa kumwaga rangi, kila mchubuko, kila kipele ulichokamua, kila muungulio hata mdogo usioacha kidonda, unaweza kuacha doa linalokaa miezi. Kwa hiyo ile falsafa ya "ikiuma ndo inafanya kazi" kwa sisi inafanya kazi kinyume, kila ukiichoma ngozi unaipa sababu ya kutengeneza weusi mwingine. Asidi nzuri kwa ngozi nyeusi ni ile ambayo hata hujui kama umepaka.

Na juu ya hapo kuna jua. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna na mawingu ya kuzuia jua ni machache. Mwezi wa sita na wa saba kuna ubaridi na upepo, mtu anavaa sweta anatembea toka Chang'ombe mpaka Nyerere Square anaona jua sio kali, ni baridi ndo inamdanganya, mionzi inapiga vile vile. Asidi za kundi hili zinafanya ngozi iungue na jua upesi zaidi, ndo maana mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa inashauri kinga ya jua muda wote unapotumia na wiki moja mbele baada ya kuacha. Wewe unapaka usiku, asubuhi unatoka mkavu bila sanskrini, saa saba mchana uko kwenye bodaboda kifua wazi, alafu unashangaa weusi. Sanskrini SPF 30 au zaidi, mtandio, kofia pana. Kama huwezi hivyo acha sitriki ya uso, kabisa, hutakuwa umekosa kitu.

Mwenye ualbino asijaribu hizi asidi za kujichanganyia kwa namna yoyote. Kule hospitali ya KCMC Moshi kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi wanatengeneza Kilisun, losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, hiyo ndo ya kuulizia kwenye kliniki, sio tona.

Malengelenge au michirizi myeusi siku moja mpaka tatu baadaye

Hapa nauliza swali moja tu, ulitumia unga au ulikamua ndimu? Maana watu wanachukulia ni kitu kile kile. Sio. Sitriki ya unga siku hizi haitoki hata kwenye ndimu, tangu mkemia James Currie alipoonyesha njia mwaka 1917 viwandani inatengenezwa kwa kuvu aitwae Aspergillus niger analishwa sukari, alafu inasafishwa inabaki asidi peke yake. Ndimu ina asidi ndio, lakini ganda na maji yake vina vitu vinaitwa furokumarini, na hivi vikikutana na jua juu ya ngozi yako vinaiunguza kama umemwagiwa maji ya moto, tena haifanyi hapo hapo, inakuja kesho yake au keshokutwa wakati umeshasahau kama ulishika ndimu.

Kuna binti mmoja pale Kisasa alisugua nusu ndimu kwenye miguu ili ing'ae, kulikuwa na sherehe jioni, akavaa gauni fupi akapanda bodaboda mchana kwenda Nzuguni kuchukua vitu. Siku ya pili malengelenge yametokea, na ukiangalia vizuri yamekaa kwa mistari, kutoka goti yanashuka mpaka kwenye kifundo, pale pale maji ya ndimu yalipochuruzika, na mengine kwenye mkono alama za vidole vilivyoshika. Mama yake mdogo akasema "mwanangu huo ni mkanda wa jeshi, tukupeleke", binti anasema "mama mdogo, mkanda wa jeshi unakuja miguu yote miwili?", na kwenye hilo binti alikuwa sahihi kabisa, mkanda wa jeshi kawaida unakamata upande mmoja wa mwili. Malengelenge yalipoisha ikabaki michirizi ya kahawia nzito ambayo inachukua wiki mpaka miezi kufifia.

Ukishapata hiyo: osha, funika na jua, usitumbue malengelenge, paka vaseline, na kama ni eneo kubwa au kuna usaha au homa nenda kituo cha afya. Usipake tena sitriki kujaribu kufuta michirizi, unaizidishia. Na wauza juisi na wanaokamua ndimu za mishkaki, mkimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hamjatoka juani.

Imekauka, imepauka, inabanduka

Kubanduka kidogo kidogo kama vumbi ni asidi inafanya kazi yake, kufungua gundi ya seli zilizokufa. Kubanduka vipande, ngozi imekaza ukicheka unasikia inavuta, magamba pembeni ya mdomo, hiyo umezidisha. Watu wanapaka asubuhi na jioni kila siku kwa sababu wameona lotion zingine zinapakwa hivyo. Anza mara mbili kwa wiki, usiku, na ngozi nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Ila usiilaumu sitriki peke yake, kiangazi cha huku hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka ya mtu ambaye hajapaka kitu chochote. Ukiongeza sabuni ya kufulia mtu anaogea, maji ya moto ya ndoo, upepo wa mwezi wa nane na vumbi lake, alafu asidi juu, hiyo ngozi itapata wapi nafasi ya kupumzika. Acha asidi wiki mbili au tatu. Oga maji ya vuguvugu, tumia sabuni laini sehemu zenye jasho tu, na ukitoka usijikaushe mpaka ukakauka, paka mafuta wakati ngozi bado ina umajimaji. Vaseline inatosha, mafuta ya alizeti ya Singida nayo ni mazuri kwa ngozi kavu na bei yake unaijua. Glisirini ichanganye na maji kwanza, usipake yenyewe tupu.

Kuna kupauka kwingine kunakosingiziwa sitriki au kunasingiziwa mafuta mabaya, ni ule weupe mweupe baada ya kuoga ambao hata ukijipangusa unarudi. Huo ni sabuni ya kipande imekutana na kalisiamu ya maji ikatengeneza utando usioyeyuka, umekukalia mwilini. Hapa sasa sitriki ni rafiki: kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya kisima au ya bomba la huku weka sitriki kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa juu, kisiwe na mlima, koroga mpaka ipotee, jisuuzie mwishoni, hata nywele zinakuwa laini. Baikaboneti ya maji inaimaliza sehemu kubwa ya asidi hivyo haichomi. Kwa maji ya mvua usiweke, hayana cha kurekebishwa.

Vipele vimetokea

Sitriki inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo haina uwezo wa kuzama kwenye kitundu kilichojaa mafuta na kukisafisha, kazi hiyo ni ya asidi ya salisiliki. Ukiambiwa "ni uchafu unatoka vumilia" usikubali haraka. Vipele vidogo vinavyowasha vimetapakaa kote ulipopaka, ni ngozi imekereka au kuna pafyumu ndani inakukataa. Vya kichwa cheusi na cheupe, angalia mafuta mazito unayopaka juu yake. Vipele vya ndevu vinasababishwa na nywele kujikunja kurudi ndani, asidi inaweza kusaidia polepole ila usipake siku ya kunyoa. Ukipaka kitu kipya jaribu kwanza ndani ya mkono karibu na kiwiko, usiku mbili tatu, ndo upeleke usoni.

Haifanyi chochote

Mara nyingi ni kwa sababu imeshakufa kabla hujapaka. Ile fomula maarufu ya kuchanganya sitriki na bekingi soda kwa pamoja usoni, inachemka inatoa povu watu wanapiga picha, povu likiisha vimeuana, umebaki na maji ya chumvi. Ukiichanganya kwenye sabuni ya kipande iliyoyeyushwa ni vile vile. Au umenunua losheni umeona "citric acid" kwenye lebo ukadhani ndo dawa, angalia imekaa wapi, ikiwa mwisho mwisho pamoja na pafyumu imewekwa kurekebisha pH ya losheni tu, haikuwekwa ikusugue.

Na kuna madoa ambayo hii asidi haiyafikii. Molekyuli yake ni kubwa kuliko ya glaikoli, inafanya kazi juu juu zaidi. Melasma, ile mabaka ya mashavuni na juu ya mdomo yanayowapata kina mama wakati wa ujauzito au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango, yana mizizi ya chini na jua linayarudisha kila mara. Makovu yenye mashimo usijaribu. Sugu za vifundo vya vidole na viwiko, hapo ndo nzuri kidogo maana ngozi ni nene, ila kwa visigino vilivyopasuka tafuta krimu ya yurea famasi, inashinda sitriki mbali sana, na nyufa zikiwa wazi sitriki itakuchonyota mpaka utosini.

Makwapa: inasaidia harufu kwa sababu bakteria wa kikwapa hawapendi asidi. Ila weusi wa kikwapa mara nyingi unatokana na wembe, msuguano na deodoranti inayokuwasha. Na kikwapa au shingo ikiwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, kapime sukari.

Mzigo wenyewe ndo umeharibika

Kuna chenga chenga: umeweka unga kwenye mafuta. Hautayeyuka hata ukikoroga mpaka kesho, unabaki punje, na kila punje inakaa sehemu moja ya ngozi ikiichoma peke yake. Nimeona chupa ya mafuta ya alizeti sitriki yote imelala chini, mwenye nayo anaitikisa kabla ya kupaka kama dawa ya kikohozi. Yeyusha kwenye maji kwanza, na kama bidhaa haina maji basi sitriki haina kazi humo.

Krimu imekatika, maji pembeni mafuta pembeni: krimu nyingi za kienyeji zinashikiliwa na sabuni ndani yake, asidi ya steariki na alkali, ukiweka sitriki ile sabuni inavunjika na kilichoshikilia hakipo tena. Hairekebishiki kwa kukoroga. Jeli ya kabomeri, ule unga wa kufanya maji yawe mazito, nayo ikishushwa chini ya pH 5 hivi inaanza kulegea mpaka inakuwa maji, tumia zanthani badala yake, hiyo inavumilia asidi.

Kuna utando, nyuzi nyuzi, au harufu ya kuchacha: ukungu. Sitriki sio dawa ya kuhifadhi, kuvu wengi wanaishi kwenye asidi vizuri tu, na tumeona juu kuna kuvu anayeitengeneza kabisa. Inachofanya ni kushusha pH ili vihifadhi kama benzoeti ya sodiamu au sorbeti ya potasiamu vifanye kazi, hizo mbili zinataka pH chini ya 5. Bila kihifadhi tengeneza ya siku chache, weka friji, ikibaki mwaga.

Kwa wanaopika sabuni ya kipande: sabuni imekuwa laini, ina mafuta, haikauki. Uliweka sitriki kupunguza ukoko wa maji magumu, wazo zuri, ila gramu 10 za sitriki zimekula kama gramu 6.2 za kostiki soda yako, kwa hiyo kuna mafuta yaliyokosa kostiki. Ongeza hizo gramu kwenye hesabu tangu mwanzo, na sitriki iyeyushe kwenye maji yake kabla kostiki haijaingia, kostiki iwe inafuata kidogo kidogo, glavu na miwani, maana ikikutana na asidi joto linapanda haraka.

Unga umegandana mabonge: umevuta unyevu tu, haujaharibika. Ponda, ukaushe kivulini, na kwa kuwa sasa una maji kidogo ndani gramu zake hazitakuwa kali kama mwanzo, kwa hiyo pima pH upya. Kopo liandike jina kubwa kwa makapeni na uliweke mbali na la sukari, watoto wanaonja kila kitu cheupe.